Kifuniko cha Mpingo

Siku ya tatu ya msiba wa mama yake Bosco, tulikuwa tumekaa wanaume chini ya turubai pale Mbagala, kwenye viti vya kukodi, na jikoni kulikuwa na sufuria ya wali ambayo ungeweza kumwogeshea ng'ombe. Bosco akanishika bega akaniambia nimfuate ndani. Nilidhani ni mambo ya chakula, maana kwenye misiba mie hupewaga kamati ya chakula bila kupigiwa kura. Watu wakiliangalia tumbo langu wanaona uzoefu. Lakini alinipitisha sebuleni, akinamama wakakunja miguu kutupisha, tukaingia chumba cha marehemu. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa godoro. Akafungua kabati, akatoa kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, akakiweka mkononi mwangu. "Mama alisema hiki upewe wewe," akasema. Sikuhitaji kufungua. Mkono uliujua uzito ule kabla kichwa hakijakumbuka. Shangazi yake mmoja, aliyekuwa ameingia kutafuta mkeka, akanyoosha shingo, akauliza ni nini. "Kazi ya mwisho ya baba," Bosco akamjibu. Shangazi akafunua kanga, akageuzageuza. "Mbona haina sura ya mtu?" Bosco akasema haikuwa ya kuchonga mtu, ilikuwa ya kompyuta. "Ikafanyaje?" Bosco akaniangalia mie, si shangazi. "Ilivuja," akasema.

Wanaonijua wanajua kwamba mie nikisimulia mvua, wasikilizaji wanaloa. Siwezi kujirekebisha sasa, nimeshakuwa mtu mzima mwenye mvi na miwani. Basi nitausimulia mwaka ule kwa mdomo wangu huuhuu, na nikizidisha joto au chakula mnivumilie. Kwenye maji sitazidisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mchana nilikuwa kibarua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikiuza mabomba, jioni mwanafunzi wa kidato cha nne kwa mara ya pili. Shule yetu ya jioni ilikuwa vyumba viwili vya kukodi ubavuni mwa mashine ya kusaga, ukuta mmoja tu katikati, na ukuta wenyewe ulikuwa na matundu. Ukisoma mwezi mmoja pale unatoka na unga kichwani, mtaani wanakupa shikamoo. Ndiyo sababu Bosco na wenzake waliniita Profesa. Yeye hakusoma jioni wala asubuhi. Alijifundisha kuchora picha zinazotembea kwenye kompyuta, peke yake, kwa kutazama na kujaribu, katika chumba cha nje cha nyumba ya wazazi wake. Chumba kile nakiona mpaka leo: kitanda cha futi tatu na nusu, meza iliyochongwa na baba yake, pazia la kijani, na chini ya meza kompyuta ya mezani iliyotupwa na ofisi moja ya Mikocheni, kubwa kama kabati la vyombo, ikivuma kama treni inayopanda mlima. Paa la bati halikuwa na dari. Mwezi wa pili, saa saba mchana, ungeweza kuweka yai juu ya ile mashine ukaenda kununua chumvi, ukirudi limeiva na linakudai mkate.

Mashine ilikuwa inazima kwa joto. Bosco alikuwa anatengeneza filamu ya katuni ya dakika mbili tu, lakini dakika mbili za katuni ni picha elfu tatu, na kila picha mashine ilikuwa inaichora kwa dakika kumi, ikikaza misuli yake yote. Ikichora tatu au nne, feni inapiga kelele, skrini inakuwa nyeusi, kimya. Unasubiri ipoe, unawasha, inachora mbili, inazima. Filamu yenyewe ilikuwa gogo la mpingo linalofunguka na watu wanatoka mmoja mmoja, wakipandiana mabegani mpaka juu, wa mwisho mtoto wa kike ameshika kibuyu. Chini yake sauti ya mzee Nambunga, baba yake Bosco, mchongaji aliyekuja Dar kutoka Newala na tindo saba kwenye mfuko wa sandarusi. Bosco alimrekodi kwa simu akiwa kibandani kwake. Mzee anasema, huku tindo linagonga: "Huyu wa chini ndiye mwenye kazi. Wa juu wote wanatalii." Bosco alitaka baba yake aione. Si aisikie, aione. Na hapo ndipo palipokuwa na haraka, maana macho ya mzee yalikuwa yanakwisha.

Jicho la kushoto lilishafunga kabla sijamjua vizuri. La kulia lilikuwa na presha, na daktari alisema lililokwenda halirudi, linalobaki litafuata, tena si kwa miaka. Mzee alikuwa anaona katikati tu, pembeni giza. Nilimwambia siku moja kwamba ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba la inchi moja. Mfano wa muuza mabomba huo, lakini aliupenda kweli. Kuanzia siku ile nikifika nikisema, "Shikamoo mzee," ananijibu, "Marahaba, Mshamu. Leo nusu inchi." Tukicheka. Baada ya miezi akawa anasema robo tatu ya nusu, kipimo ambacho dukani kwetu hakikuwepo, nami nikicheka bado, maana sikujua kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

Wazo la maji lilitoka shuleni. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu mwembamba aliyefundisha amevaa koti la suti hata kwenye joto lile, alieleza kwa nini maji ya mtungi yanapoa: mtungi unatoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto. Mie nilitoka darasani mbio, unga unaruka nyuma yangu. Nikamkuta Bosco anakula mihogo ya kuchemsha na chachandu kibarazani. "Mashine tuipe mtungi," nikamwambia. Akatafuna mpaka mwisho, akameza, akasema, "Profesa, kaa chini uanze upya." Jioni ile tukafungua kauntabuku mpya. Pampu ndogo ya tangi la samaki ikae ndani ya mtungi, isukume maji kwenye mpira mweupe ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa wa msingi, yapite kwenye kijisanduku cha shaba kilichokalia prosesa, ule ubongo wa mashine, yabebe joto, yarudi mtungini yapoe. Tulichora. Tulichora tena. Nasema kweli tulipanga kwa miezi mitatu kitu ambacho fundi bomba mlevi angekifunga kwa siku moja, kwa sababu kukipanga kulikuwa kutamu. Mama Bosco alikuwa anatuletea uji wa mchele kwenye vikombe vya bati, anasimama mlangoni, anaangalia daftari. "Hivyo hiyo mashine ina homa?" "Ina homa, mama." "Na nyie ndio manesi." Halafu anarudi uani na tunamsikia akimwambia mumewe, "Wameshapanga. Kesho watapanga tena." Mzee anacheka kwa pua. "Waache. Kuna mtu aliwahi kumkataza mtu kupanga?"

Katika ukurasa wa nne wa kauntabuku, kwa maandishi makubwa, Bosco aliandika: MAJI YA BOMBA TU, SI YA KISIMA. Kwa msomaji wa mbali nieleze: huko kwetu nyumba nyingi zina kisima uani, na maji yake yana chumvi. Ni ya kufulia, kuoshea vyombo, kumwaga chooni. Ya bomba, ambayo siku hizo yalikuja yakipenda, ndiyo ya kunywa na kupikia, yanakaa ndani kwenye madumu yamefunikwa, na mgeni hayagusi bila kuuliza. Huu ni utaratibu ambao mtoto wa miaka mitatu anaujua. Kikombe cha maji ya bomba ukikimwaga chini, unatazamwa.

Shaba tulipata kwa fundi friji wa Mikocheni. Vijibomba viwili vya kuingizia na kutolea maji nilivikata mie kutoka kwenye antena kuukuu ya televisheni, alumini nyepesi, nikajisifu kwa wiki nzima. Kilichobaki kilikuwa kifuniko cha kukaa juu ya ile shaba. Tulijaribu plastiki ikapinda. Tukajaribu kipande cha kandambili, nacho sitakizungumzia. Mzee Nambunga alikuwa anatusikiliza siku zote kutoka kibandani kwake, na siku hiyo akaita. "Leteni hicho kibati nikipapase." Akakishika, akapitisha kidole gumba ukingoni, mara moja, mara mbili. Akasema mpingo haunywi maji, wazungu wanautengenezea filimbi. Bosco akamwambia, baba, daktari amekukataza tindo. "Daktari amenikataza kuangalia," mzee akasema. "Sitaangalia." Akachonga siku nane. Nilikuwa naenda mchana nikitoka dukani kumtazama: kichwa amekigeuzia pembeni kabisa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na vidole vikitangulia mbele ya tindo. Alikuwa hajachonga tangu Pasaka. Mama Bosco aliacha kutwanga, akakaa kizingitini na kinu chake, akijifanya anachambua mchele. Siku ya nane kifuniko kikakaa juu ya shaba, kikatoa mlio mdogo kama mlango wa gari zuri. Tukakaza skrubu nne. Tukakijaza maji, tukakiweka juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Mzee akaligusa gazeti mwenyewe, kila kona, akasema, "Bado nipo."

Siku ya kuwasha, maji ya bomba yalikuwa hayajatoka kwa siku kumi. Mama Bosco alibakiwa na dumu moja, nusu yake, ya uji wa mzee na dawa zake. Bosco alikuwa ameondoka tangu asubuhi na madumu mawili kwenda kuyatafuta Mtoni, na mie nilikuwa nimeomba ruhusa dukani siku hiyo tu. Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Mtungi ulikuwa kwenye kona, mama ameutoa kwa roho safi, hata ndani bado unanukia ubani aliokuwa akiufukizia ili maji ya kunywa yawe na harufu nzuri. Nikangoja saa moja. Nikangoja ya pili. Nikajiambia: kompyuta hainywi chai. Nilijichekesha mwenyewe kwa hilo neno. Nikatoka uani, nikateremsha ndoo kisimani, nikavuta, nikajaza mtungi. Bosco aliporudi na madumu yake, jasho linamtiririka, mashine ilikuwa inavuma na maji yanazunguka kwenye mpira mweupe, na mie nimekaa kitandani nimekunja nne. Hakuuliza ni maji gani. Imeandikwa ukurasa wa nne, aulize nini? Madumu yake mama akayapokea kwa furaha, akapika wali.

Wiki tatu zile zilikuwa arusi. Mashine haikuzima. Saa saba mchana, bati linalia juu, na mashine inachora tu, picha baada ya picha, na mtungi unatoa jasho kama mwalimu wetu wa fizikia. Watu mtaani walikuja kuona kompyuta inayokunywa maji. Kama ningetoza kiingilio leo ningekuwa na ghorofa Mbezi Beach. Kwenye skrini gogo lilifunguka. Wa kwanza akatoka, wa pili akampanda. Maji yakipungua mtungini nilijitolea kuongeza mie, mapema kabla Bosco hajaamka, kwa ndoo ileile, maana nikigusa madumu ya bomba ningeulizwa yale ya kwanza niliyatoa wapi. Uongo mdogo una njaa, unataka kulishwa kila siku. Wiki ya pili mtungi ukaanza kuota ukungu mweupe wa chumvi kwa nje. Mama Bosco akapita na fagio, akasimama. "Mtungi wangu umeota mvi," akasema, akaniangalia kidogo, akaendelea kufagia. Nikaufuta kwa kitambaa. Kesho yake nikaufuta tena.

Zilikuwa zimebaki picha mia mbili hivi, mtoto mwenye kibuyu ameshatoa kichwa, ilipotokea. Mchana, tunakula ugali na dagaa wa kukaanga uani, tukasikia harufu, mama akadhani ni dagaa. Tulipofika chumbani maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kile kijisanduku mpaka kwenye ubao wa mashine, na ubao ulikuwa umeshakufa. Bosco alichomoa waya, akakaa chini sakafuni. Mzee akaja akipapasa ukuta. Akapiga magoti, akatia mkono ndani, vidole vikafika chini ya kifuniko, vikarudi vimelowa. Akavisugua pamoja. "Ni hapa," akasema. "Mkono umeniteleza." Bosco akasema hapana baba, si lazima iwe hapo. "Yanatoka wapi basi?" Bosco akavua shati, akaanza kukausha ubao. Jibu nilikuwa nalo mie, nimesimama pale nyuma ya pazia la kijani nalo mdomoni kama tonge la moto. Wakatoka. Nikabaki kufungasha vitu, na nikaviona: vile vijibomba vyangu vya alumini, pale vinapoingia kwenye kifuniko, vilikuwa vimeliwa matundu matundu kama biskuti iliyotafunwa na mende. Mpingo ulikuwa mzima, hauna ufa. Nikavichomoa, nikavipeleka chooni, nikavitumbukiza. Nikarudi nikaufuta mtungi.

Mzee Nambunga hakushika tindo tena. Ukimwambia kitu kuhusu kazi anakuonyesha mkono wa kulia, anaugeuza, anasema, "Huyu ameshastaafu bila kuniaga." Ilimchukua Bosco miezi minne kupata mashine nyingine na kumaliza zile picha mia mbili, na nilipofika siku hiyo nikasema shikamoo, mzee akanijibu, "Marahaba. Bomba limeziba." Tulimkalisha mbele ya skrini hata hivyo. Akaisikiliza sauti yake mwenyewe, tindo linagonga. Akanyoosha mkono akaigusa skrini, akauacha pale mpaka filamu ikaisha. "Mashine imechemka?" akauliza. Bosco akamwambia hapana, baba. Mwezi wa kumi na moja nilifanya mtihani wangu wa kemia, na swali la sita lilitaka tueleze kinachotokea alumini na shaba zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi. Nilijibu kurasa mbili na nikaomba karatasi ya ziada. Sidhani kama kuna mtahiniwa aliyelijibu vizuri zaidi. Nikafaulu. Mama Bosco alinipikia pilau, na mzee akanipa mkono, ule wa kulia, akasema, "Sasa wewe ni mtu wa shule kweli." Aliishi miaka minne baada ya hapo.

Niliporudi nyumbani kutoka msibani niliifungua ile kanga mezani. Shaba bado imekaza chini ya kifuniko kwa skrubu zilezile nne, imekuwa ya kijani. Nilinunua bomba la sindano duka la dawa, nikakijaza maji kwa juu, kwenye yale matundu mawili ya vijibomba, nikakiweka juu ya gazeti. Kesho yake asubuhi gazeti kavu. Siku iliyofuata kavu. Ya tatu nikampigia Bosco simu, sikumsalimia vizuri. Nikamwambia, "Bosco, yale maji niliweka mie. Yalikuwa ya kisima."

Nilisikia kwa nyuma mtu anaburuta viti.

"Najua," akasema. "Mama alitia kidole mtungini siku ileile ilipovuja, akalamba."

Nikamuuliza kama mzee aliambiwa.

"Aliambiwa. Mama alimwambia mpaka akachoka. Mzee akakataa, akasema unanifariji tu wewe mwanamke. Akasema, maji aliweka Mshamu, na Mshamu ni mtu wa shule. Ingekuwa chumvi, angekuja kusema."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Wamekuja wenye viti vyao," Bosco akasema. "Wacha niwahesabie. Tutaongea, Profesa."

Hajapiga, nami sijapiga. Kifuniko kipo palepale mezani na maji yake, na mke wangu amezoea kula upande mmoja wa meza. Kila asubuhi kabla ya chai nalipapasa gazeti, kila kona, kama alivyofanya yeye. Leo ni siku ya kumi na tisa. Ni kavu.